Wamezima, au mkongo umekatika?

Mtandao ukianza kusuasua hapa Dar es Salaam, simu yangu hujaa SMS zenye swali moja: "Kaka, wamezima?" Ndugu, majirani, hata mwenye duka ninakonunua vifaa vya kazi, wote huuliza hivyohivyo. Hakuna anayeanza na "kimekatika nini?" Mawazo ya watu yanakwenda moja kwa moja kwa mtu mwenye mkono kwenye swichi.

Siwalaumu hata kidogo. Uganda ilizimiwa intaneti mkesha wa uchaguzi wa tarehe 14 Januari 2021, ikarudishiwa tarehe 18. Sisi wenyewe tulikatiwa siku ya uchaguzi, tarehe 29 Oktoba 2025, na mtandao ukaanza kurudi Novemba 3. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Lakini mimi mitandao ndiyo kazi yangu, kazi ya kuangalia data inaingia wapi na inatokea wapi, na naona mkanganyiko huu unatuumiza pande zote mbili. Hitilafu ya kweli ikitokea haiaminiki. Uzimaji wa kweli ukitokea unaweza kuvikwa kanzu ya "hitilafu" na watu wakabaki wanabishana kwenye magrupu. Wakati alama zipo! Mkongo uliokatika, yaani ule waya wenye nyuzi za kioo unaobeba intaneti, una tabia zake, na mtandao uliozimwa una tabia zake. Nyingi ya alama hizo mtu anaziona kwa simu yake ya kawaida, bila kifaa chochote cha ofisini kwetu.

Tuchukue tukio ambalo wengi bado wanalikumbuka, Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024. Ilikuwa Siku ya Mama, watu wanataka kurusha picha za mama zao, picha zinazunguka tu hazipandi. Simu za WhatsApp zinakatika katikati ya salamu. Waziri wa Habari wa wakati huo, Nape Nnauye, akatoa taarifa kwamba kuna hitilafu kwenye mikongo ya baharini kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Ubalozi wa Marekani hapa mjini ukafunga huduma kwa umma kwa siku mbili kwa sababu ya hali ya mtandao. Na mtaani swali likawa moja: Msumbiji na Afrika Kusini zinahusiana nini na bando langu la Mbagala?

Zinahusiana sana, na hapa naomba nikae kidogo.

Data yetu ya kwenda nje haipiti angani. Zaidi ya asilimia 95 ya data inayovuka kati ya mabara inapita kwenye mikongo iliyolazwa chini ya bahari. Afrika Mashariki tulichelewa kuipata. Waliotumia intaneti kafe za miaka ya mwanzo ya 2000 wanakumbuka ukurasa mmoja kufunguka taratibu mpaka unaagiza soda ya pili. Wakati ule tulitegemea setilaiti zilizoko kilomita 36,000 juu ya ikweta, na kila ombi lilipanda, likashuka, jibu nalo likapanda na kushuka. Nusu sekunde inapotea kwa safari peke yake, hata kabla ya msongamano. Julai 2009 ukawaka mkongo wa SEACOM. Mwaka uleule ukaja TEAMS, unaotoka Mombasa hadi Fujairah kwenye Umoja wa Falme za Kiarabu. Mwaka 2010 ukafuata EASSy, wenye urefu wa kilomita zipatazo 10,000, unaoanzia Mtunzini, pwani ya Afrika Kusini, ukapita Maputo, Dar es Salaam, Mombasa, Mogadishu na Djibouti mpaka Port Sudan.

Angalia ramani hiyo vizuri. Sisi tuko katikati. Ukiwa Dar na unataka kufika Ulaya, ambako huduma nyingi tunazotumia zina mitambo yake, una njia mbili kubwa. Ya kaskazini inapanda hadi Bahari ya Shamu, inavuka Misri, inatokea Marseille. Ya kusini inashuka Afrika Kusini, inavuka nchi kavu kwenda upande wa Atlantiki, kisha inapanda na pwani ya magharibi ya Afrika mpaka Ureno au Uingereza. Njia moja ikiumia, data inageuzwa kwenda nyingine.

Sasa rudi nyuma miezi mitatu kabla ya ile Jumapili. Tarehe 18 Februari 2024 meli ya mizigo iitwayo Rubymar ilipigwa kombora na Wahuthi, wapiganaji wa Yemen, karibu na Bab el-Mandeb, mlango wa kusini wa Bahari ya Shamu. Mabaharia waliiacha ikiwa imeshusha nanga. Meli ikaelea siku nyingi ikiiburuta nanga hiyo chini ya bahari, mpaka ikazama tarehe 2 Machi. Katika kipindi hicho mikongo mitatu ikakatika pale, ukiwemo wa SEACOM, na nanga ile ndiyo inayoshukiwa zaidi. Kuitengeneza haikuwa kazi ya ufundi tu: maji yale ni ya Yemen, Yemen ina tawala mbili zinazopigana, na meli ya matengenezo haiwezi kusimama siku kadhaa mahali pamoja bila ruhusa na bila usalama. Kwa hiyo njia ya kaskazini ilibaki na jeraha kwa miezi. Watumiaji wengi hawakujua lolote, maana mzigo ulihamishiwa kusini na maisha yakaendelea.

Ndipo Mei 12 njia ya kusini nayo ikakatika. EASSy na SEACOM, mikongo miwili yenye wamiliki tofauti, ikaumia siku moja, kaskazini mwa Durban. Kwenye karatasi kampuni ya simu inaweza kuandika kwamba ina njia mbili za kwenda nje, na isiwe imesema uongo. Lakini njia mbili zilizolala kwenye eneo moja la bahari ni kama funguo mbili za nyumba kwenye kishikio kimoja: ukikipoteza kishikio umepoteza zote. Jambo hili ndilo linalonikera kuliko yote katika taaluma yetu. Tunahesabu mikongo wakati tulitakiwa kuhesabu bahari.

Watu hushangaa nikiwaonyesha kipande cha mkongo. Wanategemea kitu cha unene wa bomba la maji taka. Kwenye kina kirefu mkongo mzima una unene wa milimita zipatazo 20. Ganda la nje ni plastiki nyeusi. Ndani yake kuna mrija wa shaba unaobeba umeme wa maelfu ya volti, kwa ajili ya vikuza mwanga vilivyofungwa kila baada ya kilomita 60 hadi 100. Kisha nyaya za chuma za kuupa nguvu, na katikati kabisa nyuzi chache za kioo. Karibu na ufukwe huongezewa ngao ya chuma juu na kufukiwa mchangani, kwa sababu hatari kubwa iko huko kwenye maji mafupi. Papa wanasingiziwa sana. Dunia nzima hupata hitilafu kati ya 150 na 200 za mikongo ya baharini kwa mwaka, na nyingi husababishwa na nyavu za kukokota na nanga za meli. Februari 2012 mkongo wa TEAMS ulikatwa pale pale Mombasa na meli iliyoshusha nanga mahali palipokatazwa.

Kuunga uzi mmoja wa kioo nchi kavu ni kazi ninayoifahamu vizuri. Unamenya ganda la rangi, unafuta uzi kwa pamba yenye spiriti, unaukata kwa kisu maalumu ili ncha iwe bapa kabisa, halafu unalaza ncha mbili zikitazamana ndani ya mashine. Kwenye skrini unaziona zimekuzwa, zinasogeleana zenyewe. Cheche ya umeme inaziyeyusha na kuzigandisha kuwa uzi mmoja, na mashine inakuandikia mwanga uliopotea kwenye kiungo, labda desibeli 0.02. Vumbi kidogo tu likiingia, unarudia. Sasa fanya kazi hiyo melini, mawimbi yanakutikisa. Kabla ya hapo meli imesafiri kutoka mbali, imekokota ndoano sakafuni mwa bahari mpaka ikaupata mkongo, imeinua ncha ya kwanza na kuifunga kwenye boya, imekwenda kuisaka ya pili. Ncha mbili hazifikiani tena juu ya maji, kwa hiyo inaongezwa kipande kipya katikati, na viungo vinakuwa viwili badala ya kimoja. Mtu akikuahidi kwamba mkongo wa baharini utakuwa tayari kesho asubuhi, huyo anakutuliza tu. Matengenezo ya baharini huhesabiwa kwa wiki.

Turudi kwenye simu yako.

Alama ya kwanza ni majirani. Bahari haina mpaka wa nchi. Mei 12 Tanzania na Mayotte ziliumia sana, Msumbiji na Malawi kwa kiasi, na Rwanda, Uganda, Burundi na Komoro zikaguswa. Kama una ndugu Lilongwe au Kigali na wote wanalalamika saa ileile, huo ni mkongo. Uganda 2021 ilikuwa kinyume. Mtandao ulikufa ndani ya mipaka ya nchi moja, huku Kenya na Rwanda, zinazotumia mikongo ileile, zikiendelea kama kawaida. Oktoba 29 kwetu ilikuwa vivyo hivyo. Wapo waangalizi wanaochapisha grafu za data ya kila nchi bure, kama NetBlocks na Cloudflare Radar. Mstari wa nchi iliyozimwa hushuka wima kwa dakika chache na kulala sakafuni, huku mstari wa nchi jirani hautikisiki.

Alama ya pili: mtandao umekufa, au unakohoa? Mkongo ukikatika, kampuni hugeuza data kwenda kwenye njia zilizobaki, na njia hizo huzidiwa. Ujumbe wa maandishi unapita, picha inasubiri, simu ya video inaganda. Saa nane usiku, watu wakilala, ghafla mambo yanakuwa mazuri, kwa sababu msongamano umepungua. Mtandao uliozimwa haujali saa nane usiku.

Kuna jambo jingine ambalo watu huliona bila kulielewa. Kwenye hitilafu ya mkongo, huduma zilizoko nchini zinaendelea. Ukibonyeza *150*00# menyu ya M-Pesa inakuja na pesa inakwenda, kwa sababu safari hiyo yote ipo ndani ya nchi, na haitumii hata intaneti. Halikuwa jambo la kutegemewa tangu mwanzo: mitambo ya M-Pesa ya Kenya ilikuwa Ujerumani mpaka 2015 ilipohamishiwa nyumbani. Vivyo hivyo video zinazotazamwa sana huhifadhiwa nakala kwenye mitambo iliyoko hapa au Nairobi, kwa hiyo wimbo unaotamba unacheza vizuri lakini barua pepe ya ofisini haifunguki. Mtu anadhani anachezewa, kwamba wameacha burudani wakafunga kazi. Hakuna aliyechagua. Wimbo uko karibu, barua pepe yako iko Ulaya.

Kisha jaribu programu moja moja. X (Twitter ya zamani) ilipofungwa nchini Mei 2025, Instagram, WhatsApp na tovuti nyingine zilifunguka bila shida, na aliyewasha VPN, programu inayopitisha data yako kwenye mtambo wa nchi nyingine, aliiona X kama kawaida. Hiyo ndiyo sura ya kufungiwa: kitu kimoja kimekataa, vingine vyote vizima, na VPN inakivusha. Mkongo uliokatika hauchagui programu, na VPN haisaidii kitu, kwa sababu nayo inapita kwenye barabara ileile iliyoharibika. Huongeza mzigo tu.

Kwa anayetaka kwenda mbele zaidi, pakua programu yoyote yenye amri ya traceroute. Inakuonyesha vituo ambavyo data yako imepita na muda iliotumia, kwa milisekunde. Mwanga ndani ya kioo husafiri kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kila kilomita 1,000 ni milisekunde 10 kwenda na kurudi. Ukijua hesabu hiyo, namba zinaanza kuongea. Vituo vya kwanza viko Dar, milisekunde chache. Halafu namba inaruka ghafla kupita mia, maana yake data imevuka bahari. Ukiona tovuti uliyozoea kuifikia sasa imeongeza milisekunde 100 juu ya zile za kawaida, data yako inazunguka kilomita elfu kumi za ziada, au inakaa foleni mahali. Kwa vyovyote, inatembea. Ikikomea kituo cha kwanza au cha pili, ndani kabisa ya kampuni yako ya simu, siku ambayo kampuni nyingine zote zimekoma vilevile, huhitaji mhandisi wa kukufafanulia.

Zipo siku ambazo alama hazitoshi, na lazima niseme hivyo. Tarehe 25 Juni 2024, Wakenya walipoandamana dhidi ya Muswada wa Fedha na Bunge likavamiwa, mtandao ulidorora mchana uleule. Mamlaka ya Mawasiliano ilikuwa imesema siku moja kabla kwamba haina nia ya kuzima. Kampuni moja kubwa ikatangaza kwamba nyaya zake mbili za chini ya bahari zimepata hitilafu. Mtandao haukufa wote, ulipungua, na majirani wanaopitisha data Kenya waliguswa pia. Kwa macho ya fundi, hiyo inafanana na kupotea kwa uwezo wa kutoka nje. Kwa macho ya raia aliyekuwa barabarani, saa ile na siku ile haziwezi kuwa bahati tu. Mimi siwezi kumwambia raia huyo anyamaze, kwa sababu hakupewa kitu cha kupimia. Hakutajiwa nyaya zipi, zimeumia wapi, saa ngapi. Mkongo una jina, una ramani, na una wamiliki wengine wanaoupitia. Kukatika kwake ni jambo linaloweza kuthibitishwa na watu wasiohusiana kabisa na kampuni iliyotoa tangazo.

Kwa hiyo lawama yangu haiendi kwa wanaoandika "wamezima" mtandaoni. Inakwenda kwa tangazo la mistari miwili linalosema "tunapitia changamoto za kiufundi, tunaomba radhi kwa usumbufu". Watu wetu si wajinga. Andika: mkongo fulani umeumia saa fulani kati ya mahali fulani na mahali fulani, tumehamishia data njia fulani, huduma hizi zitakuwa nzito, meli imeitwa, tutawaeleza tena jioni. Mei 2024 taarifa zilizotaja eneo zilitoka mapema, na ubishi ukapoa haraka, kwa sababu mtu wa Malawi na mtu wa Mayotte walikuwa wanashuhudia kitu kilekile.

Baada ya kila tukio la namna hii huja kilio cha pili: tuletewe Starlink yaishe. Namwelewa anayesema hivyo, hasa aliye kijijini ambako mnara mmoja ndio tegemeo. Setilaiti zake ziko kilomita 550 tu juu yetu, hazina ule ucheleweshaji wa zamani, na Kenya wanaitumia tangu 2023. Lakini data ikipanda kule lazima ishuke mahali, kwenye kituo cha ardhini, na kituo hicho kinaunganishwa na dunia kwa faiba, zile zile nyuzi za kioo. Halafu kuna ukubwa wa mzigo. Mkongo wa 2Africa, unaoizunguka Afrika kwa kilomita 45,000 na kutua Dar es Salaam na Mombasa pia, umesanifiwa kubeba hadi terabiti 180 kwa sekunde. Setilaiti ni akiba nzuri kwa hospitali, benki na kisiwa kilicho mbali. Mji wa mamilioni ya watu hauwezi kuhamia angani wote siku mkongo unapokatika.

Kitakachotusaidia zaidi kina sauti ndogo na hakipigiwi kampeni: mikongo inayopita bahari tofauti kweli, njia za faiba za nchi kavu zinazovuka hadi Atlantiki, na huduma nyingi zaidi zenye mitambo yake hapa nyumbani. Mitambo ya kubadilishana data ndani ya nchi, kama TIX ya hapa Dar na KIXP ya Nairobi, ndiyo inayofanya barua pepe ya mtu wa Kinondoni isilazimike kwenda Ulaya ili imfikie mtu wa Temeke. Lakini mashirika mengi, hata ya umma, bado yanaweka tovuti zao nje kwa sababu ni rahisi kidogo kwa mwezi. Siku ya hitilafu wananchi wanashindwa kufungua fomu ya ofisi iliyoko mtaa wa pili.

Na bando. Mtu amenunua la saa 24 asubuhi, mkongo ukakatika saa nne, kesho yake anaambiwa muda wake umekwisha. Mitambo ya kampuni inajua dakika kwa dakika kiasi cha data kilichopita na kilichoshindwa, hiyo mimi naitazama kila siku. Kusimamisha saa ya bando kwa kipindi chote huduma ilipokuwa chini ya kiwango ni kazi ya kupanga tu, na mteja hatakiwi kupiga simu huduma kwa wateja kuomba haki hiyo. Likikutokea, weka SMS ya kununulia, andika saa huduma ilipoanza kuharibika, piga picha skrini ya kipimo cha kasi, kisha upeleke malalamiko kwa kampuni kwa maandishi. Wakikaa kimya, peleka karatasi hizohizo TCRA, au Mamlaka ya Mawasiliano kama uko Kenya.